Utalii wa mashua katika visiwa vya Kilwa

Utalii wa mashua katika visiwa vya Kilwa ni safari za baharini zinazofanywa kwa kukodi jahazi, mashua au boti kutoka mji wa Kilwa Masoko, katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, ili kutembelea visiwa vya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na vingine vilivyo jirani. Visiwa hivyo havina hoteli kubwa wala magari mengi. Wakazi wake ni wavuvi na wakulima wanaoishi kando ya magofu ya miji ya Waswahili ya zama za kati. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliorodheshwa pamoja na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia.

Hakuna daraja la kufika visiwani. Kwa hiyo kila mgeni, awe mwanafunzi, mtafiti au mtalii, ni lazima avuke kwa chombo cha bahari. Kwa watu wa mikoa ya Lindi na Mtwara, wakiwemo wa Masasi, na wa Newala kwenye nyanda za juu za Makonde, Kilwa ndiyo Urithi wa Dunia wa karibu wa aina hii unaofikika kwa barabara na kuvuka maji kidogo.

## Jiografia

Jina Kilwa linatumika kwa mahali patatu, na wageni wengi huchanganya:

- Kilwa Kisiwani ni kisiwa chenye magofu ya mji wa kale.
- Kilwa Kivinje ni mji wa bara, kaskazini kidogo, uliokua katika karne ya 19.
- Kilwa Masoko ni makao makuu ya Wilaya ya Kilwa na bandari ambako safari za visiwani huanzia.

Kilwa Masoko iko takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Kisiwa cha Kilwa Kisiwani kinaonekana kutoka gatini, kwani mlango wa bahari unaokitenga na mji una upana wa kilomita 2 hivi. Songo Mnara kiko mbali zaidi upande wa kusini. Kati yake na Kilwa Kisiwani kuna visiwa vingine, kikiwemo Sanje ya Kati ambacho nacho kina magofu. Sehemu kubwa ya pwani hiyo imefunikwa na mikoko, na penye maji ya kina kifupi kuna matumbawe na majani ya bahari.

Songo Mnara si kisiwa kimoja na Songo Songo. Songo Songo kiko kaskazini zaidi na kinajulikana kwa gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1974, ambayo tangu mwaka 2004 hupelekwa Dar es Salaam kwa bomba na kuzalisha umeme. Mgeni anayekodi chombo anapaswa kutaja jina la kisiwa kwa ukamilifu.

## Historia kwa ufupi

Watu walianza kuishi Kilwa Kisiwani tangu karne ya 9 hivi. Mji ulikua kutokana na biashara ya Bahari Hindi, hasa pale watawala wake walipopata kuidhibiti biashara ya dhahabu iliyotoka bara na kupitia Sofala, katika Msumbiji ya leo. Vyombo vya kauri kutoka China, vyungu vya Uajemi na shanga vilivyochimbuliwa kisiwani vinaonyesha jinsi biashara hiyo ilivyofika mbali. Kilwa ilitengeneza sarafu zake yenyewe. Sarafu ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa utawala wa al-Hasan ibn Sulaiman. Ndicho kipindi Kilwa ilipokuwa na nguvu nyingi zaidi.

Wareno walifika kwa mara ya kwanza mwaka 1500 chini ya Pedro Álvares Cabral. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi. Julai 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliuteka mji na kujenga ngome. Wareno waliondoka mwaka 1512, lakini biashara ya dhahabu ilikuwa imeshavurugwa na mji haukurudi katika hali yake ya awali.

Karne ya 18 Kilwa ilipata uhai tena, safari hii kwa biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari Hindi. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilihamia Kilwa Kivinje, chini ya mamlaka ya Zanzibar, na mji wa kisiwani ukabaki kijiji.

## Vyombo vya bahari

Vyombo vinavyotumika ni vile vile vya uvuvi na uchukuzi vya pwani ya Waswahili, pamoja na boti za kisasa.

- Jahazi ni chombo kikubwa cha mbao chenye tanga la pembe tatu. Zamani lilisafiri hadi Uarabuni na Bara Hindi. Leo hubeba mizigo na watu, na mara nyingi huwa na injini pia.
- Mashua ni ndogo kuliko jahazi. Ndicho chombo kinachokodiwa zaidi kwa safari za visiwani, kwa tanga au kwa mashine ya kufunga nyuma.
- Ngalawa ni mtumbwi mwembamba wenye vielea viwili pembeni vinavyouzuia usipinduke. Ni chepesi na chenye kasi, lakini hubeba watu wachache, na abiria hulowa.
- Boti ya mashine, ya mbao au ya faiba, hufika haraka na haitegemei upepo, ila gharama ya mafuta huwa juu.
- Yoti ni chombo cha starehe chenye vyumba vya kulala. Baadhi ya yoti za wageni zinazosafiri kandokando ya Afrika ya Mashariki hutia nanga Kilwa kwa sababu bandari yake ya asili ina kina kirefu na imekingwa na mawimbi makubwa.

Katika miaka ya 2020 hata meli za kitalii zenye abiria wengi zimetia nanga nje ya Kilwa na kushusha wageni kwa boti ndogo. Hata hivyo, mgeni wa kawaida bado husafiri katika mashua ya nahodha wa hapo hapo.

## Kukodi chombo

Kuna njia mbili za kuvuka. Ya kwanza ni kupanda chombo cha abiria pamoja na wanakijiji wanaokwenda sokoni au hospitalini na kurudi. Nauli yake ni ndogo, lakini chombo huondoka kikijaa, na njia hii hutumika kwa Kilwa Kisiwani zaidi kuliko Songo Mnara. Ya pili ni kukodi chombo kizima kwa nusu siku au siku nzima. Kwa kawaida chombo hukodiwa pamoja na nahodha na mabaharia wake. Mgeni hakabidhiwi usukani.

Kabla ya kuondoka, mgeni hulipa ada na kupata kibali katika ofisi ya serikali inayosimamia magofu mjini Kilwa Masoko, kisha hupewa au huchagua mwongozaji. Usimamizi wa magofu ulikuwa kwa miaka mingi chini ya Idara ya Mambo ya Kale. Baadaye Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) ilipewa jukumu la kuendesha shughuli za utalii katika eneo hilo.

Usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Chombo kinachobeba abiria kinatakiwa kukaguliwa na kuwa na leseni. Mambo ambayo mkodishaji anaweza kuyahakikisha mwenyewe kabla ya kulipa ni haya:

- idadi ya majaketi okozi iwe sawa na idadi ya watu, yakiwemo ya watoto;
- kuwe na njia ya pili ya kurudi endapo mashine itazima, yaani tanga, makasia au mashine ya akiba;
- kuwe na ndoo ya kukumbia maji, nanga yenye kamba ya kutosha na simu iliyokingwa na maji;
- bei ijumuishe muda wa kusubiri visiwani, kwani ubishi mwingi hutokea pale nahodha anapohesabu safari mbili ilhali mgeni anahesabu siku moja;
- saa ya kurudi ipangwe kwa kufuata maji, si kwa kufuata ratiba ya basi.

## Pepo na maji

### Pepo za misimu

Safari za matanga katika pwani hii hufuata pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, na huwa na nguvu zaidi katikati ya mwaka. Kati ya misimu hiyo kuna vipindi vya upepo mwepesi na bahari tulivu.

Kwa kuwa Songo Mnara iko kusini mwa Kilwa Masoko, chombo cha tanga huenda kwa wepesi wakati wa kaskazi na kupata taabu wakati wa kurudi. Wakati wa kusi mambo hugeuka: kwenda ni kwa kupiga bisha, na kurudi ni kwa upepo wa nyuma. Sehemu ya njia imekingwa na visiwa, ila palipo wazi mawimbi husikika. Upepo huongezeka mchana, ndiyo sababu manahodha hupenda kuondoka alfajiri.

Mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Vimbunga ni nadra katika pwani ya Tanzania, lakini si jambo lisilowezekana. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani hiyo kikiwa na mvua kubwa iliyokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Kilwa. Maonyo hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), na nahodha mwangalifu huyafuata hata kama mgeni ameshalipa.

### Kujaa na kupwa

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja hivi, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia mita 3 au zaidi. Wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo.

Katika pwani ya Tanzania maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Katika maji mafu mpangilio hugeuka: maji hujaa karibu saa nne asubuhi. Jambo hili huamua safari nzima ya Songo Mnara, kwa kuwa sehemu ya kushukia haina gati na ina kina kifupi kati ya mikoko. Siku za bamvua chombo kinachofika saa nne asubuhi hukwama mbali na ufuko, na abiria hutembea katika maji na matope. Siku hizo ni bora kufika mapema kabla maji hayajapwa sana, kutembelea magofu asubuhi, na kuondoka alasiri maji yakianza kujaa. Siku za maji mafu, kufika saa tatu au saa nne asubuhi hakuna tatizo.

Viatu vya plastiki vinavyoweza kulowa ni vya lazima, kwani matumbawe na chaza hukata miguu.

## Vituo vya safari

### Kilwa Kisiwani

Kuvuka kwa mashine huchukua dakika chache. Kwa tanga hutegemea upepo. Ukikaribia, jengo la kwanza kuonekana ni Gereza, ngome iliyo karibu kabisa na maji. Mahali hapo ndipo Wareno walipojenga ngome yao mwaka 1505, lakini sehemu kubwa ya jengo lililopo ni la Waomani na lina umri wa takriban miaka 200.

Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi. Upanuzi mkubwa wa kusini ulifanywa mwanzoni mwa karne ya 14, paa lake likiwa na kuba na matao yaliyobebwa na nguzo za mawe. Baadhi ya kuba bado zimesimama. Karibu yake kuna Msikiti Mdogo wa kuba wa karne ya 15, mojawapo ya majengo yaliyohifadhika vizuri zaidi kisiwani. Upande wa magharibi kuna Makutani, jumba la masultani wa karne ya 18 lililozungushiwa ukuta mkubwa.

Husuni Kubwa iko peke yake mashariki mwa mji, juu ya mwamba unaotazama bahari. Ilijengwa na al-Hasan ibn Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Ilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua za biashara na birika la kuogelea la pembe nane. Neno husuni linatokana na Kiarabu na lina maana ya ngome, ingawa jengo lenyewe lilikuwa jumba la mfalme na mahali pa biashara. Maji yakipwa mtu anaweza kwenda huko kwa miguu kando ya ufuko. Yakijaa hupita njia ya juu katikati ya mashamba na mibuyu. Husuni Ndogo iko jirani.

Majengo yote yametengenezwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe, na dari zake zilishikiliwa na boriti za mikoko. Matumbawe laini yaliyotolewa baharini yalichongwa yangali mabichi, kwani yakikauka huwa magumu. Magofu ya kisiwa yalichimbuliwa na mwanaakiolojia Neville Chittick katika miaka ya 1950 na 1960, na matokeo ya kazi yake yalichapishwa mwaka 1974.

### Songo Mnara

Safari ya mashine kutoka Kilwa Masoko huchukua saa moja hadi mbili, na zaidi kwa tanga. Baada ya kushuka, njia hupita kati ya mikoko na kuingia ghafla katika mji wa mawe uliozungukwa na miti.

Mji wa Songo Mnara ulikaliwa tangu mwisho wa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, kisha ukaachwa. Kwa kuwa haukujengwa upya na watu wa baadaye, mpango wake wa awali unaonekana vizuri kuliko wa Kilwa Kisiwani. UNESCO inataja misikiti 5, jumba la kifalme na nyumba 33 hivi ndani ya kuta za mji. Nyumba zina nyua zilizoshuka chini, ngazi, baraza za kukaribishia wageni na vidaka vya ukutani. Makaburi yamo ndani ya mji, karibu na misikiti. Tangu mwaka 2009 wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, pamoja na wataalamu wa Tanzania, wamechunguza pia nafasi zilizo wazi kati ya nyumba ili kujua jinsi watu wa kawaida walivyoishi humo.

Wageni ni wachache. Mara nyingi kundi moja huwa peke yake katika magofu yote siku nzima.

### Baharini

Njiani huonekana pomboo, na kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita pwani ya Tanzania wakitoka bahari za kusini kuja kuzaa. Nguva bado wapo katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa, lakini ni nadra sana.

## Kufika kutoka Masasi na Newala

Kutoka Masasi barabara ya lami hushuka kupitia Ndanda, Nyangao na Mtama hadi Mnazi Mmoja (Mingoyo), ambako hukutana na barabara ya Lindi. Kutoka Newala msafiri anaweza kwenda Masasi kwanza, au kushuka kutoka uwandani kupitia Kitangari hadi Mtama. Baada ya Lindi barabara huelekea kaskazini hadi Nangurukuru. Hapo abiria wa mabasi ya Dar es Salaam hushuka na kupanda gari jingine kwenda Kilwa Masoko. Safari hula sehemu kubwa ya siku, hivyo wageni wa kutoka uwandani hulala Kilwa Masoko na kuvuka kesho yake asubuhi.

Kwa upande wa Dar es Salaam, safari ilirahisishwa na daraja la Mto Rufiji lililofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa kivuko, na wakati wa masika safari ya kusini iliweza kuchukua siku kadhaa.

Oktoba na Novemba, upepo wa kusi unapokuwa umepungua na kaskazi haujashika, ni miezi mizuri ya kuvuka. Miezi hiyo ni pia ya mauzo ya korosho, zao kuu la Masasi na Newala, wakati familia nyingi huwa na fedha za nauli na wanafunzi wanaweza kuchangishiwa ziara ya masomo.

## Uhusiano wa Masasi na Kilwa

Masasi na Kilwa ziliunganishwa zamani na njia za misafara. Wayao walipeleka pembe za ndovu, na baadaye watumwa, kutoka maeneo ya Ziwa Nyasa hadi pwani ya Kilwa na Lindi. Katikati ya karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa kwenda Zanzibar.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Sultani Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Mwaka huo huo Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, anayejulikana pia kwa vitabu vyake vya lugha ya Kiswahili, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar kupitia Lindi hadi Masasi, wakaanzisha makazi hapo. Lengo la awali lilikuwa kufika karibu na Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitekwa. Mwaka 1882 makazi hayo yalivamiwa na Wangoni, waliojulikana huko kama Wamagwangwara, na baadhi ya wamisionari wakahamia Newala.

Kwa sababu hiyo, kwa mgeni anayetoka Masasi, kuvuka bahari ya Kilwa si kutazama utajiri wa masultani peke yake. Katika maji hayo hayo yalipita majahazi yaliyobeba watu wa bara wakiwa wamefungwa, na baadhi ya wazawa wa waliorudi bado wanaishi Masasi.

## Uhifadhi

Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, kwa kuwa majengo yalikuwa yanaanguka. Sababu zilikuwa kadhaa:

- mawimbi yanayokula ufuko na misingi ya majengo yaliyo karibu na maji, hasa Gereza, Makutani na Songo Mnara;
- kukatwa kwa mikoko iliyokuwa ikivunja nguvu ya mawimbi;
- mvua inayolainisha chokaa ya zamani;
- mizizi ya miti, ikiwemo mibuyu, inayopasua kuta;
- ukosefu wa mafundi na fedha za matengenezo ya kila mwaka.

Kazi ya ukarabati ilifanywa na serikali ya Tanzania kwa msaada wa mataifa na mashirika mbalimbali, yakiwemo Ufaransa, Japani na World Monuments Fund. Wanakijiji walifundishwa kuchoma na kuchanganya chokaa kwa njia ya asili, kwani saruji ya kisasa ni ngumu mno kwa kuta za matumbawe na huziharibu. Mikoko ilipandwa na kingo za mawe ziliwekwa ufukoni. Mwaka 2014 magofu yaliondolewa katika orodha ya hatari. Hata hivyo bahari haijaacha kula ufuko, na kazi ya kuzuia ni ya kudumu.

Wageni wa mashua wana sehemu yao katika hifadhi. Nanga inayotupwa juu ya matumbawe huyavunja, na chombo kinachofungwa kwenye mikoko huikata magome. Kupanda juu ya kuta ni hatari kwa kuta na kwa anayepanda. Vigae, shanga na sarafu zinazoonekana ardhini haziruhusiwi kuokotwa. Zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kipande kilichoondolewa mahali pake hakiwezi tena kumweleza mtaalamu kilikuwa cha nyumba gani.

## Wenyeji

Magofu yako ndani ya vijiji vinavyokaliwa. Wakazi wengi ni Waislamu, kwa hiyo wageni huombwa kuvaa mavazi ya heshima wapitapo kijijini, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu, na kutoyakanyaga makaburi. Kuwasalimu wazee kwa shikamoo kabla ya kuanza ziara ni desturi inayotarajiwa.

Mapato ya utalii huingia kwa njia ya ada, malipo ya waongozaji, kodi ya mashua na chakula cha samaki, wali na nazi kinachopikwa na akina mama kwa oda. Mashua inayokodiwa kwa nahodha wa kijijini huacha fedha zaidi hapo kuliko chombo kinachokuja na vyakula, maji na watumishi wake kutoka mbali. Kwa upande mwingine, siku nahodha anapobeba wageni haendi kuvua, na wageni hawaji kila wiki. Ndiyo maana wengi wao hubaki wavuvi kwanza. Mwaka 2023 ulizinduliwa ujenzi wa bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, mradi unaotarajiwa kubadilisha shughuli za bahari za mji huo.

## Ulinganisho na Delos

Safari za Kilwa hulinganishwa kwa urahisi na za kisiwa cha Delos nchini Ugiriki. Delos nacho ni kisiwa kidogo chenye magofu ya mji wa biashara, kimeorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 1990, na hufikiwa kwa boti kutoka kisiwa jirani cha Mykonos au kwa yoti za kukodi. Huko pia upepo ndio mwenye neno la mwisho: wakati wa kiangazi upepo wa kaskazini uitwao meltemi huweza kuzuia vyombo visivuke. Na kama Kilwa, Delos ilikuwa soko kubwa la watumwa katika karne ya 2 KK.

Tofauti kubwa ni mbili. Ugiriki ina biashara kubwa ya kukodisha yoti, ambako mtu mwenye cheti cha unahodha anaweza kupewa chombo akiongoze mwenyewe. Kilwa mgeni huenda na nahodha anayeyajua mafungu na mikondo kwa kuyazoea tangu utotoni. Pili, Delos haina kijiji na wageni hawaruhusiwi kulala humo, ilhali Kilwa Kisiwani na Songo Mnara bado ni makazi ya watu.

## Tazama pia

- Kilwa Kivinje
- Mafia
- Mikindani
- Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma
- Masasi
- Newala
- Urithi wa Dunia nchini Tanzania